Mwaka wa Mwana Kupona

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu na wanangu wa Pate.

Nimeombwa nizungumze juu ya siha, hasa juu ya mtu anayeitafuta siha yake, akaikaribia, kisha akarudi nyuma. Nitaanza na mwanamke ambaye wengi wenu mlisikia habari zake kabla hamjajua kusoma.

Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa kisiwani humu. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyemsumbua sana Sayyid Said wa Zanzibar, na mume huyo akafariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, naye akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wa beti zaidi ya mia. Watu huusoma kwa mawaidha yake ya ndoa, wengine wakiyasifu na wengine wakiyapinga, na mjadala huo una mahali pake. Mimi nasimama pale ambapo wasomaji wengi hupapita mbio. Mwanzoni, kabla ya wasia, mama yule anakiri kuwa ugonjwa umemshika hadi mwaka umetimia, na katika mwaka wote huo hakuwahi kumwambia mwanawe neno la kumfaa. Hakuuficha mwaka ule wala hakuutafutia udhuru. Aliutaja, akaagiza wino na karatasi, kazi ikaanza.

Mimi wangu niliuficha, na ndiyo sababu nimesimama mbele yenu leo.

Niligunduliwa kuwa na ugonjwa wa sukari miaka sita iliyopita. Nafundisha afya ya jamii, kwa hiyo sikuwa na la kuuliza. Nilijua la kufanya na nikalifanya. Kila nilipokuja nyumbani nilitoka baada ya swala ya alfajiri, nikapita kwenye magofu na mashamba ya tumbaku yaliyomo ndani yake, nikashika njia ya Siyu hadi jua linichome. Mahamri niliyaacha. Chai nilikunywa kavu, na halua nilipokea kwa mkono mmoja nikampa mtoto kwa mkono wa pili. Nilinunua daftari, nikaandika kipimo cha kila asubuhi: 6.8, 7.1, 6.5. Nililipenda daftari lile kama mtu anavyopenda cheti.

Kisha tukafiwa. Siku za matanga hakuna anayekuuliza unakula nini. Sinia la wali linawekwa, watu watano mnalizunguka, na kukataa ni kama kukataa msiba wenyewe. Baada ya matanga nikaumia kisigino, nikaacha kutembea. Haya yote mtu anaweza kuyasamehe. Kosa langu lilikuja baadaye: niliacha kupima kwa sababu sikutaka kuiona namba, na nikaacha kwenda kliniki kwa sababu sikutaka muuguzi aione. Miezi saba. Siku niliyorudi, kwenye kliniki ya bara, nilipokewa kwa maneno haya mbele ya foleni: “Mama umejiachia hivi, na wewe ni msomi?” Nikakaa miezi miwili mingine.

Wanangu, sukari haikuuliza kama nimepimwa au sikupimwa. Chembe nyekundu ya damu huishi kama siku 120, na sukari hushikamana nayo muda wote huo. Ndiyo maana kipo kipimo kinachoonyesha hali ya miezi mitatu iliyopita hata kama jana ulifunga. Mwili wangu uliandika kila siku ambayo mimi sikuiandika.

Tunayo desturi ya kumwambia aliyerudi nyuma kwamba hana azma. Naona neno hilo linawaumiza watu bure, tena si kweli. Priya Sumithran na wenzake huko Melbourne walichapisha mwaka 2011 utafiti wa watu 50 waliopunguza uzito kwa kula kidogo sana wiki kumi. Mwaka mmoja baadaye, homoni za njaa na shibe za watu wale zilikuwa bado hazijarudi zilivyokuwa, na njaa yao ilikuwa imezidi. Mwaka mzima mwili unamvuta mtu arudi alikotoka. Anayevutwa namna hiyo akaanguka, msimwite mvivu.

Na anayekosa siku moja hajabomoa kitu. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliojipangia jambo dogo la kila siku, kama vile kutembea au kula tunda. Wengine walizoea katika siku 18, wengine ilikadiriwa wangehitaji 254. Wa katikati alihitaji siku 66. Kilichonigusa ni jambo jingine walilolibaini: kukosa siku moja hakukuharibu mazoea yaliyokuwa yakijengeka. Laiti ningaliambiwa hivyo wakati wa matanga.

Aliyenirudisha mimi hakusoma utafiti wowote. Nilikuwa nyumbani kwa shangazi yangu nikizungusha lile daftari, nikamwambia nataka kununua jipya, nianze upya. Akalichukua. Akafungua kurasa nyeupe moja baada ya moja, akizilowesha ncha za vidole kwa ulimi, hadi akafika mwisho, kisha akarudi kwenye namba ya mwisho niliyoandika. “Kwani hili limejaa?” Nikasema halijajaa. “Basi andika papo hapo chini.” Akaniletea ile mashine ya kupimia sukari kutoka mkobani mwangu, akasimama juu yangu mpaka nikajichoma kidole. Ilitoka 14.9. Niliiandika chini ya 6.5, bila kuruka mstari, na mkono ukinitetemeka.

Kwa wauguzi na madaktari waliokuja leo nina ombi moja. Mtu wa Pate anayekwenda Lamu mjini kutibiwa hungoja maji yajae ndipo mashua ipite mlango wa bahari wa Mkanda. Hutoa nauli, huacha kazi, pengine hulala kwa watu. Akifika kwenu baada ya miezi saba, mjue amevuka mengi, na aibu ndiyo iliyokuwa nzito kuliko yote. Mkaribisheni, mpimeni, mwandikieni tarehe ya kurudi. La kumkemea anakuwa ameshajiambia mwenyewe njiani.

Mwana Kupona aliomba dua ya kupona ndani ya utendi wake. Jina lake lenyewe ni Kupona, na ugonjwa ule haukumwacha. Alifariki miaka michache baadaye. Hilo sitaki kulipamba. Lakini miaka ile aliipata, na karatasi aliyoiagiza aliijaza.

Daftari langu ninalo hapa mkobani. Asubuhi ya leo ni 7.4, na jana sikupima.