Deni Langu kwa Bwana Kup

Hotuba iliyosomwa wakati wa chakula cha jioni katika Mkutano wa Wanafunzi wa Zamani



Katibu aliponiandikia kunitaka nizungumze usiku huu, alinipa dakika ishirini na ruhusa ya kuchagua jambo lolote isipokuwa siasa na mchango wa paa la bweni. Nimechagua Kiingereza. Najua wako watakaoguna, maana wengi wetu tuliteswa na somo hilo kuliko hesabu. Lakini nina deni la zaidi ya miaka hamsini linalohusu Kiingereza, na anayenidai ameketi meza ya tatu, karibu na dirisha, anakula wali wake hana habari. Sitamtaja jina. Wale wa darasa letu mtamtambua kabla sijafika mbali.

Mtakumbuka kwamba mwaka 1971, tulipoingia Kidato cha Kwanza, tulifundishwa Kiingereza na kijana mmoja wa Kizungu mwenye nywele nyekundu, mrefu kama mlingoti, ambaye Jumamosi alicheza mpira nasi pekupeku. Bwana huyu alikuwa mwenyeji wa kaskazini ya Uingereza. Kwetu sisi habari hiyo haikuwa na maana yoyote. Mwingereza alikuwa Mwingereza tu. Alitamka "cup" kwa "u" iliyo wazi kabisa, kama ile ya neno kupa. "Bus" kwake ilikuwa "bus" na "up" ilikuwa "up", vilevile kama zinavyoandikwa. "Bath" aliikata fupi. Alisema "I were" pale ambapo kitabu kilisema "I was". Na alituambia kwamba maktaba itakuwa wazi "nine while five", yaani tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni.

Mwenzetu alimpenda mwalimu huyo kama kaka yake. Akaiga kila kitu, hata ule mwendo wa kurusha magoti. Katika mdahalo wa mwisho wa mwaka alisimama akazungumza kama aliyezaliwa huko huko, na tulimpigia makofi.

Mwalimu akamaliza mkataba wake akarudi kwao. Januari tukaletewa mwalimu mwingine, hodari sana, aliyejifunza Kiingereza chake kwa kusikiliza redio ya London. Siku ya pili tu akamsimamisha mwenzetu. "Sema 'cup'." "Kup." "Rudia." "Kup." Darasa zima likavunjika mbavu. Akaambiwa aandike mara mia moja kwamba "while" si "until". Jioni ile, bwenini, alipata jina la Bwana Kup. Jina lilishika mpaka wapishi wa jikoni wakawa wanamwita hivyo. Tangu siku hiyo hadi tunamaliza Kidato cha Nne hakusimama tena katika mdahalo hata mara moja. Aliyelitunga jina hilo, Ndugu Mwenyekiti, ni mimi.

Nimelieleza deni. Sasa nieleze jinsi nilivyopata kujua kuwa ni deni.

Septemba 1979 nilipelekwa masomoni Leeds, katika jimbo la Yorkshire. Asubuhi ya kwanza nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya basi, nimevaa makoti mawili, nikiwa sielewi ni lini nipande. Nyuma yangu mama mmoja wa makamo akaniambia: "Hurry up, love." Kwanza nilishtuka kuitwa mpenzi na mama nisiyemjua, tena mbele za watu. Baadaye nilizoea; kule hata muuza samaki humwita mteja hivyo. Lakini kilichonigandisha mlangoni si hicho. Aliitamka "up" kwa "u". Na "love" pia, kwa "u". Ilikuwa sauti ya Bwana Kup.

Juma lile nilisikia "bus" elfu moja, na zote zilikuwa na "u". Mwenye nyumba wangu alifanya kazi "eight while four". Mkewe alisema "I were" na "we was" siku hiyohiyo, wala mbingu hazikuanguka. Vijana wa mtaani wana mzaha wao kuhusu kibao cha njia panda ya reli kinachoamuru watu wasubiri "while" taa nyekundu zinawaka. Mtu wa London akikisoma ataelewa asimame muda wote taa zinapowaka. Mtu wa Yorkshire ataelewa asubiri mpaka ziwake, ndipo avuke!

Jumapili ya pili familia moja ilinialika "dinner". Nikaoga, nikafunga tai, nikabisha hodi saa moja jioni. Wao walikuwa wamenisubiri tangu saa saba mchana. Kule kaskazini, kwa watu wa kawaida, "dinner" ni chakula cha mchana, na kile cha jioni huitwa "tea", hata kama ndani yake mna viazi, nyama na kabichi. Walinipashia moto nikala peke yangu huku wakinitazama. Waliponialika "tea" niliuliza mara tatu kama watakuwepo watu mezani.

Na ukitoka mji mmoja kwenda mwingine, maneno ya vitu vidogo vidogo hubadilika kama bei ya nyanya. Mkate mdogo wa duara, wa kula mmoja, Nottingham huitwa "cob", Manchester huitwa "barm", Coventry huitwa "batch", na kwingineko "bap" au "bun". Kichochoro kati ya nyumba na nyumba ni "ginnel" Leeds, "jitty" Leicester, na "twitten" kule Sussex kusini. Liverpool, Newcastle na Glasgow watu wengi husema "yous" wanapozungumza na zaidi ya mtu mmoja. Sisi wenye "wewe" na "ninyi" hatuwezi kuwacheka, kwa sababu tunajua adha ya lugha yenye neno moja kwa yote mawili. Na hili la mwisho liwaumize kidogo wale waliochapwa kwa kusahau "s" ya "he goes": wakulima wa Norfolk, mashariki ya Uingereza, husema "he go", nao wamerithi hivyo kwa babu zao.

Nilianza kusoma habari hizi badala ya masomo yaliyonipeleka, na hapo nikakutana na jambo lililonifedhehesha zaidi. Ile "u" ya Bwana Kup ndiyo ya zamani. Waingereza wote waliitamka hivyo, hadi katika karne ya 17 watu wa kusini walipoanza kuibadili iwe karibu na "a". Watu wa kaskazini hawakufuata. Hali kadhalika ile "bath" fupi. Walioirefusha ni watu wa kusini, baadaye kidogo. Kwa hiyo darasani kwetu mwenye kucheka ndiye aliyekuwa mgeni, na mwenye kuchekwa ndiye aliyekuwa na ushahidi wa wazee.

Ilikuwaje basi matamshi ya kusini yakawa sheria mpaka huku kwetu? Mwaka 1917 mtaalamu wa London, Daniel Jones, alitoa kamusi ya matamshi ya Kiingereza. Hakuficha alichokiandika: yalikuwa matamshi ya familia za kusini ambazo wanaume wao walisomeshwa katika zile shule kubwa za bweni za kulipia. Naomba mlitafakari hilo, ninyi mliolala bweni la pili. Kipimo cha Kiingereza duniani kilikuwa ni lafudhi ya watoto wa bweni! Redio ya BBC ikaichukua, na walimu wakaichukua kutoka redioni. Wakati wa vita, mwaka 1941, BBC ilimweka Wilfred Pickles, mtu wa Halifax hapo hapo Yorkshire, asome taarifa ya habari ya nchi nzima, naye akawa anawaaga watu wa kaskazini kwa kusema "good neet". Wako wasikilizaji waliochukizwa. Leo watangazaji wengi husoma habari kwa lafudhi za kwao na hakuna anayezima redio.

Ushahidi kwamba Kiingereza kilichofika kwetu kilikuwa cha kusini umo vinywani mwetu usiku huu. Tunasema kona, baa, motokaa, shati, skati na fenicha. Ile "r" iko wapi? Mskochi huisema, Mwairishi huisema, mkulima wa Somerset huisema, na Wamarekani walio wengi huisema. Lau tungefundishwa nao, huenda leo tungepinda korna. Na tunasema klabu, kabati na basi, kwa "a". Tungalipewa maneno hayo na mama yule wa foleni, tungekuwa tunapanda busi.

Wala tusidhani haya ni ya Waingereza peke yao. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba Kiswahili sanifu kijengwe juu ya Kiunguja. Tangu hapo mtoto wa Mombasa anayesema "ndia" nyumbani hufika shuleni akaambiwa ni "njia", tena katika mji ulewule.

Nisingependa mwondoke mkidhani kuwa lafudhi ni mambo ya kuchekesha tu. Mwaka ule niliofika Leeds wanawake walikuwa hawatembei usiku. Mtu mmoja alikuwa akiwaua, mmoja baada ya mwingine, na polisi walishindwa kumpata. Mwezi Juni 1979 polisi waliletewa kanda yenye sauti ya mwanamume aliyejitangaza kuwa ndiye. Ilipigwa redioni na kwenye televisheni, na mtu aliweza hata kupiga simu aisikilize. Mimi niliisikia, sauti ya taratibu, isiyo na haraka.

Wakaitwa wataalamu wa matamshi. Mmoja alikuwa Stanley Ellis wa Chuo Kikuu cha Leeds. Huyu alikuwa miongoni mwa watu waliozunguka vijijini kati ya mwaka 1950 na 1961, chini ya Profesa Harold Orton, wakiwauliza wazee wa sehemu 313 za Uingereza wanaitaje ng'ombe, jembe, mkate na kichochoro, maswali zaidi ya 1,300 kwa kila mahali. Aliisikiliza ile kanda akasema mtu huyu ni wa Sunderland, kando ya mto Wear, akataja hadi mtaa. Polisi wakahamia huko. Wanaume wasio na lafudhi ya Sunderland wakawa wanaachwa.

Ndugu zangu, sikio la mzee Ellis halikukosea. Kilichokosewa ni kuamini kwamba mwenye kanda na mwuaji ni mtu mmoja, na wataalamu wenyewe waliwaonya polisi kwamba huenda kanda ile ni ya udanganyifu. Mwuaji, Peter Sutcliffe, alikuwa mtu wa Bradford, jirani kabisa na Leeds, mwenye lafudhi ya huko huko Yorkshire. Alihojiwa na polisi mara tisa katika miaka ile. Baada ya kanda kufika, wanawake watatu zaidi waliuawa kabla hajakamatwa Januari 1981. Yule wa kanda alipatikana kwa uchunguzi wa mate yaliyokuwa kwenye bahasha, akafungwa miaka minane mwaka 2006. Alikuwa mtu wa Sunderland, kutoka jirani ya mtaa uleule uliotajwa.

Nilipokuwa nikisoma habari ya kesi ile niliwaza hivi. Mzee yule alitumia miaka mingi akisikiliza wakulima, naye hakumcheka hata mmoja, ndiyo maana aliweza kumtambua mtu kwa sauti ya dakika tatu. Mimi nilimsikiliza mwenzangu kwa nusu dakika na nikamtungia jina.

Nilirudi nyumbani mwaka 1982. Mara kadhaa nilikusudia kumwandikia, nikaona aibu, barua ingeanzaje? Tulikutana mazishini, harusini, na mara moja kituo cha mabasi, tukaulizana habari za watoto. Yeye alikuwa bwana shamba kwa miaka thelathini, na wako wakulima wa kahawa katika wilaya hii ambao bado humtafuta kabla ya kumtafuta daktari wao wenyewe. Mbele za wakubwa kutoka makao makuu, naambiwa, alikuwa akizungumza Kiswahili siku zote, na wakimjibu kwa Kiingereza aliendelea na Kiswahili. Watu walidhani ni uzalendo. Nadhani mimi najua sababu nyingine.

Leo mchana, kabla ya mechi ya wazee, hatimaye nilimvuta kando chini ya ule mwembe wa karakana, nikamweleza yote: yule mama wa foleni, ile karne ya 17, Norfolk, yote. Nikamwomba radhi. Alinyamaza muda mrefu, akauliza kama ni kweli kule wanasema "bus". Nikamwambia ni kweli. Akauliza tena. Kisha akacheka mpaka akashika mti.

Ndugu Mwenyekiti, ratiba yasema kwamba neno la shukrani litatolewa na yeye. Nilimsihi alitoe kwa Kiingereza, kile cha mwalimu wetu wa mwaka 1971, ili na mimi nipate kukaa kimya nikisikiliza. Alinijibu kwa maneno mawili tu, "Shut up", na yote mawili aliyatamka kwa "u".