Utukufu katika Chombo cha Udongo

Somo letu ni 2 Wakorintho, sura ya 3 na ya 4.

Tukisikia neno utukufu, wengi wetu tunawaza mwanga, suti mpya, nyumba ya ghorofa. Lakini kwa Kiebrania neno hilo ni *kavod*, nalo limetokana na uzito. Ndiyo maana katika 4:17 Paulo anapima kama mtu mwenye mizani: dhiki yetu ya sasa ni nyepesi, utukufu ujao ni mzito.

Wakorintho walivutwa na wahubiri wenye barua za sifa. Paulo walimdharau, wakisema mwili wake ni dhaifu na usemi wake si kitu (10:10). Akawajibu kwa habari za Musa. Uso wa Musa uling'aa aliposhuka Sinai, na utukufu ule ulitoka kwa Mungu kweli. Lakini ulikuwa wa kupita, naye akaufunika kwa utaji. Utukufu wa Roho haupiti. Tunauona katika uso wa Yesu, yule aliyesulubiwa, na Roho anatubadilisha tufanane naye. Na hazina hiyo Mungu ameiweka wapi? Katika vyombo vya udongo!

Sisi wa Uvira tunaujua udongo. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukachukua watu na nyumba. Baadaye tukaanza kusema, sisi kwa sisi, kwamba aliyepoteza nyumba utukufu umemtoka. Wapendwa, tulikosea. Tulisoma sura ya 3, tukafunga Biblia kabla ya kufika sura ya 4. Humo Paulo mwenyewe, mtume wa Yesu, anakiri kwamba amebanwa pande zote na kuangushwa, wala Mungu hakumwacha.

Mama aliyelala hemani, akamgawia jirani ugali na ndagala chache alizopata, utukufu haukumtoka. Uzito wa Mungu ulikuwa pale, ndani ya udongo.

Juma hili, kila mmoja wetu amtembelee mtu aliyemhukumu hivyo. Tusiende kumhubiri. Tumwombe msamaha kwanza, kisha tupige magoti pamoja naye.

Mungu awabariki. Amina.