Taa ya Upepo Ikiwaka, Tusiizibe

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia vya Kitengela, Isinya na Kajiado)



Vikundi vyetu vingi vilianza na kuku, mbuzi na matangi ya maji. Leo vingine vina gari. Asubuhi linapeleka maziwa, jioni linarudi na unga na dawa ya ng'ombe, na usiku mama akishikwa na uchungu ndilo linalomfikisha hospitali ya Kajiado. Gari hilo likianguka, anayeumia si tajiri mmoja. Ni sisi sote tuliochanga.

Tumeombwa tuzungumze juu ya taa moja ndogo ya manjano kwenye dashibodi. Inafanana na chungu chenye mdomo wazi, na ndani yake kuna alama ya mshangao. Ikiwaka, wengine huibandika plasta wasiione. Wengine hukimbilia kununua matairi manne mapya. Yote mawili ni hasara.

Kihisi ni nini?

Katika magari mengi yenye taa hii, ndani ya kila gurudumu kuna kidude kilichofungwa kwenye rimu, kimeshikana na valvu. Hicho ndicho kihisi. Mafundi hukiita sensa, lakini si ile ya kuhesabu watu! Kinapima upepo na kutuma habari kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kompyuta ya gari. Sheria ya Marekani inataka taa iwake upepo unapopungua kwa robo. Yaani tairi la 32 likishuka hadi 24.

Sheria hiyo haikuja bure. Mwaka 2000 mamilioni ya matairi ya Firestone, mengi yakiwa kwenye magari ya Ford Explorer, yalirudishwa kiwandani baada ya ajali zilizoua watu zaidi ya 200. Upepo mdogo ulikuwa moja ya mambo yaliyotajwa. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja likizunguka, linapata joto, kisha linapasuka. Tangu Septemba 2007 magari madogo yote mapya ya Marekani lazima yawe na taa hii, na ya Ulaya tangu Novemba 2014. Japani haikulazimisha, ndiyo maana magari mengi yatokayo huko hayana taa hiyo kabisa.

Sasa sikilizeni vizuri. Kihisi kina betri yake ndani, nayo huishi miaka 5 hadi 10 hivi. Ikifa, kwa kawaida hubadilishwa kihisi kizima. Na Kenya huruhusu kuingiza magari yaliyotumika yasiyozidi miaka 8. Pigeni hesabu: gari likishuka Mombasa na miaka 7, betri hizo zimezeeka pamoja nalo. Kwa hiyo taa ikiwaka mapema si uchawi, wala si lazima tumeuziwa gari bovu.

Kwanza geji, baadaye duka

Katika magari mengi, taa ikiwaka na kutulia, maana yake upepo umepungua. Ikipepesa kwa dakika moja hivi baada ya kuwasha gari, kisha ikatulia, mfumo wenyewe una hitilafu, na mara nyingi ni kihisi kilichokufa. Tena baridi hupunguza presha. Asubuhi ya Julai taa inaweza kuwaka Isinya, na saa sita mchana ikazima. Tusifurahi ikizima. Tupime.

Pimeni asubuhi kabla gari halijatembea, matairi yakiwa baridi. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kikiwa kwa kilopaskali, gawanyeni kwa 7 mpate karibu na namba ya geji zetu. Kwa mfano, 230 ni kama 33.

Magari mengine hayana kihisi cha upepo ndani ya gurudumu. Yanatumia vihisi vya breki za ABS, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo huzunguka haraka kidogo kuliko wenzake. Hapo msikubali kuuziwa kihisi cha kuweka ndani ya tairi. Jazeni upepo sawasawa, kisha mwanzisheni mfumo upya kama kitabu cha gari kinavyosema.

Kubadilisha kihisi

Upepo ukiwa sawa na taa bado inapepesa, fanyeni hivi:

1. Tafuteni fundi mwenye kifaa cha kusoma vihisi, aonyeshe ni gurudumu lipi. Asibahatishe.

2. Nunueni kihisi kinachofuata namba ya kile cha zamani. Cha gari lililotengenezwa kwa soko la Ulaya kwa kawaida hutumia mawimbi ya megahezi 433, na cha Marekani mara nyingi 315. Visipolingana, gari halitasikia kitu.

3. Mwambieni fundi mapema kwamba ndani kuna kihisi. Mtaimbo wa kubandua tairi usipite karibu na valvu. Vihisi vizima vingi vimevunjwa wakati wa kuziba pancha.

4. Mpira na nati ya valvu viwe vipya, na nati isikazwe kwa nguvu za ng'ombe. Shina la alumini hukatika.

5. Jazeni upepo, pakeni maji ya sabuni muone kama linavuja, kisha gurudumu libalansiwe.

6. Kihisi kipya kitambulishwe kwenye kompyuta ya gari. Magari mengine hujifunza yenyewe yakiendeshwa, mengine huhitaji kifaa cha fundi.

Baada ya hapo, vifuniko vya valvu viwe vya plastiki, kwa sababu vya chuma huweza kuganda kwenye shina la alumini. Na gundi ya kuziba pancha inayomiminwa ndani ya tairi huweza kuziba tundu la kihisi.

Pesa zisipotosha

Kihisi kikikosekana mwezi huu, gari laweza kutembea salama, mradi upepo unapimwa kwa mkono. Chagueni mtu mmoja mwenye geji na daftari, apime kila Jumatatu asubuhi matairi yote manne na la akiba, aandike namba, na dereva atie sahihi. Lakini taa msiizibe. Mkibadilisha dereva, huyo mpya hatajua kwamba gari halimwonyi tena. Na barabara ya Namanga mnaijua: malori ya mizigo mbele na nyuma, nafasi ya kuyumba hakuna. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Gari letu lina taa ya upepo? Nani ameiona ikiwaka, na tulifanya nini?
2. Geji ya kikundi iko wapi, na nani anaitunza?
3. Katika bajeti yetu, tumetenga kiasi gani kwa matairi kabla ya kugawana faida?

Rudini na majibu mkutano ujao, na daftari mje nalo.