Mama Aliyemwachia Binti Yake Maneno



Leo tunazungumza habari za mama mmoja wa zamani. Jina lake ni Mwana Kupona binti Msham. Alizaliwa Pate, kisiwa kilicho karibu na Lamu, nchini Kenya. Mtu akitoka kwetu Lushoto huteremka Mombo, huenda Tanga, huvuka mpaka mpaka Mombasa, halafu Lamu. Mwisho hupanda chombo cha baharini. Ni mbali sana. Lakini lugha ya mama huyu ilikuwa Kiswahili, lugha hii hii tuliyojifunzia kusoma.

Mwana Kupona alikuwa mke wa mtu mkubwa. Mumewe, Bwana Mataka, alitawala mji wa Siyu, humo humo kisiwani Pate. Bwana huyu alikataa kutawaliwa na Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar. Wakapigana miaka mingi. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856, Mwana Kupona akabaki mjane.

Tena yeye mwenyewe akaugua. Ugonjwa ukamshika mwaka mzima. Alikuwa na binti, Mwana Hashima, ambaye hajafika hata miaka ishirini. Fikirini, ndugu zetu. Mama amelala kitandani, baba wa mtoto amekwisha kufa, binti bado hajaijua dunia. Nani atamfundisha?

Mama huyu alikuwa na silaha moja. Alijua kusoma na kuandika, na alijua kutunga mashairi. Basi mwaka 1858 akatunga utenzi. Wakati ule huku kwetu Simba Mwene Kimweri ye Nyumbai alikuwa bado anatawala Vuga. Utenzi ule una beti 102, na Kiswahili cha siku zile kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kila ubeti una vipande vinne vifupi. Vipande vitatu vya kwanza vina mwisho wa sauti moja. Kipande cha nne kina sauti yake, na sauti hiyo inarudi katika kila ubeti, tangu wa kwanza hata wa mwisho. Ndiyo maana ni rahisi kuukariri.

Mwanzoni anamwita binti yake akae karibu, alete wino na karatasi. Kisha anamwusia. Ashike dini yake. Awe na adabu na ulimi mzuri. Aseme kweli. Mhitaji akija mlangoni, amsaidie kwa kadiri awezavyo.

Sehemu kubwa inahusu ndoa. Anamwambia binti amtii mumewe sana na kumtunza. Tena anamwambia asichangamane na watumwa, ila kwa kazi. Hapo wengine mtaguna, na mna haki. Huyu alikuwa mwanamke wa jamaa ya watawala, katika enzi za utumwa. Kusoma si kukubali kila kitu. Msomaji hupima, hili analichukua, hili analiacha. Ubishaneni utenzi huu nyumbani kwenu, mume na mke. Neno lililoandikwa hukaa pale pale likingoja kupimwa.

Mwana Kupona hakuishi sana baada ya hapo.  Lakini maneno yake hayakuzikwa naye. Wanawake wa pwani waliyanakili, wakayakariri. Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens wakayachapisha katika kitabu. Leo utenzi ule unasomwa mpaka vyuo vikuu. Vita vya Bwana Mataka wanavikumbuka wachache. Maneno ya mkewe aliyekuwa mgonjwa wanayajua wengi.

Sasa turudi kwetu milimani. Wako bibi zetu Mlalo, Bumbuli na Mtae wanaojua mambo mengi. Wanajua dawa ya kila jani. Wanajua kwamba majani ya tughutu hurutubisha shamba. Wanajua mpaka wa kila shamba, na nani alimpa nani. Bibi akifa bila kuandika wala kuandikiwa, yote hayo yanakwenda naye. Watoto wanabaki kugombania mpaka.

Wengine husema, "Sisi tumesoma uzeeni, tuandike nini?" Mwana Kupona aliandika yale tu aliyoyajua, kwa mtoto wake mmoja. Hakungoja kupona kwanza.

Basi jioni ya leo, mkisha kula, chukueni daftari na kalamu. Mwiteni mtoto au mjukuu akae karibu. Andikeni jambo moja ambalo mngependa alijue hata ninyi mkiwa hampo. Mkono ukitetemeka, semeni ninyi, yeye aandike. Kesho andikeni la pili. Kisu kisichotumika hushika kutu, na kusoma kusikotumika husahaulika.