Mche wa Mkorosho, Maji na Kivuli

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za mche mchanga wa mkorosho, kwa kuwa nyumba nyingi za kwetu hupata mabati, nguo na madaftari ya watoto kutokana na mti huu.

Asili ya mkorosho ni Brazili, nao Wareno ndio walioufikisha pwani ya Afrika ya Mashariki katika karne ya 16. Umeipenda nchi yetu ya kusini, hata watu husema kuwa hauogopi jua wala ukame. Maneno hayo ni kweli kwa mti mkubwa, ambao mizizi yake imeshuka chini sana. Lakini mche ni kama mtoto mchanga, nao huweza kuuawa hata na wema wetu.

Mwaka mmoja sisi walimu pamoja na wanafunzi wetu tulitia mbegu katika viriba, tukavipanga chini ya mwembe mkubwa, mahali palipoinama kidogo. Tulidhani kivuli kitaifaa miche. Mvua za Januari zikanyesha mfululizo, maji yakatuama. Miche ikarefuka, nayo ni myembamba, na majani yake yakawa ya manjano. Mvua ilipokatika siku chache, tukaiona imenyauka. Tukasema, "Ina kiu," tukaimwagilia maji. Kabla ya mwezi kwisha, mingi ilikuwa imekufa. Tulipoing'oa, tukakuta mizizi myeusi, laini, yenye kunuka.

Je, kosa letu lilikuwa nini? Mizizi nayo huvuta hewa. Kati ya chembe za udongo mna nafasi ndogo zenye hewa. Maji yakituama huifukuza hewa hiyo, na ile kidogo iliyosalia huisha upesi. Mzizi uliokosa hewa hauna nguvu ya kunywa maji, ijapokuwa umezungukwa nayo. Kwa hiyo mche unaozama hunyauka sawasawa na mche wenye kiu. Nasi tukaongeza maji juu ya maji.

Kivuli kilizidisha msiba. Jani hupika chakula cha mmea kwa nuru ya jua. Mche uliokosa nuru hutumia akiba yake kurefuka ili kuitafuta, ukabaki na shina dhaifu na mizizi michache. Tena hunywa maji kidogo, na udongo wa kivulini hukauka polepole. Basi maji yanapotuama, mche huo hauna akiba ya kuvumilia.

Tufanyeje, basi? Kwanza, kiriba kiwe na matundu chini, na kitalu kiwe mahali palipoinuka. Pili, kabla ya kumwagilia, tutie kidole katika udongo. Tukiona unyevu, tungoje. Tatu, kivuli kiwe chepesi, cha nyasi chache, kisha tukipunguze kidogo kidogo, hata miche izoee jua kabla ya kwenda shambani.

Huko shambani tuchague mahali peupe penye udongo usiotuamisha maji, wala si bonde la mfinyanzi mweusi. Tukiwa na shaka, tuchimbe shimo la futi 2 wakati wa mvua, tulijaze maji jioni. Ikiwa asubuhi maji yangalimo, mahali hapo tuwaachie wenye kulima mpunga. Miti ipandwe mita 12 kutoka mmoja hata mwingine, ili hapo baadaye isinyimane nuru. Na mwenye kutaka miche bora amwulize Bwana Shamba au Bibi Shamba wake, maana elimu ya mkorosho huchunguzwa huku huku kusini, katika kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara.

Mwaka uliofuata tulihamisha kitalu chetu, tukakiweka juu ya tuta, penye jua. Miche haikuwa mirefu kama ile ya kwanza, bali ilikuwa minene, tukaipanda shambani. Wazee walisema, "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Mche nao ni mwana: tusiuzamishe kwa maji, tusiufiche jua.