Kabla ya Kununua Kadi, Fungueni Kasha

(Mazungumzo na vikundi vya vijana wa Kibera na Kawangware wanaojiundia kompyuta za michezo)

Nawashukuru kwa kuja, nyinyi wa Gatwekera na Laini Saba, na nyinyi wa Gatina na Congo mliopanda matatu mkafika mpaka hapa. Nimeombwa nizungumze juu ya kadi ya grafiksi, maana baadhi ya vikundi viko karibu kutoa pesa. Pesa hizo najua zimetoka wapi. Ni za kuchanga kidogo kidogo, nyingine ni za kibarua cha mjengo, nyingine ni mama aliyewakopesha kutoka kwa chama chake. Kwa hivyo sitawapa habari za kadi kubwa kuliko zote duniani. Tuzungumze juu ya ile inayoweza kuingia katika mashine mliyonayo, ikawaka, na ikaendelea kuwaka mpaka deni la mama liishe.

Wengi wenu mmeanza na mashine ya ofisi, zile eks-UK za Luthuli na Moi Avenue: Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ndugu zao. Hapo hamkukosea. Ofisi ya ng'ambo imeitumia miaka michache ikaitoa, nanyi mkapata prosesa ya Core i5 kwa pesa ya simu. Lakini mashine hiyo iliundwa kwa kazi ya barua na hesabu, si kwa kukimbiza magari ya GTA. Ndani yake mna vitu viwili ambavyo vitawachagulia kadi kabla hamjafika dukani: pawa saplai na ukubwa wa kasha.

Fungueni kasha. Pawa saplai ina karatasi ubavuni inayosema inatoa wati ngapi. Ile OptiPlex 7010 nyembamba ina wati 240, ile pana zaidi ina 275. Prosesa, diski na feni zote zinakula humo humo. Halafu tazameni nyaya. Kadi kubwa hutaka waya wake wa stima, wa pini sita au nane, na pawa saplai nyingi za ofisi hazina waya huo kabisa. Kadi isiyotaka waya hupata stima kutoka kwa sloti peke yake, na kanuni ya sloti hiyo ni wati 75, basi. Hapo ndipo mpaka wenu ulipo, haijalishi mfukoni mna nini.

Najua kuna mmoja anasema moyoni, "Fundi ataniwekea adapta." Ni kweli adapta zinauzwa, zile zinazochukua stima ya diski na kuipa kadi. Lakini plagi ya diski ya SATA imekadiriwa kubeba wati 54 kwenye waya wake wa volti 12. Kadi ikiivuta zaidi ya hapo, plagi hupata moto, na mwisho huyeyuka. Nyumba zetu ni za mabati na mbao, zimeshikana ukuta kwa ukuta, na moto ukianza kwako hauishii kwako. Hii si habari ya mchezo tena. Adapta hiyo mtu asiijaribu.

Kasha nalo, ikiwa ni jembamba, linataka kadi fupi yenye kibati kifupi cha nyuma. Mkipata kadi fupi lakini kibati ni kirefu, mwambieni mwenye duka alete kile kifupi kabla hamjalipa. Akisema atawatumia kesho, rudini kesho na pesa zenu.

Sasa tuje kwa kitu kinachowadanganya watu wengi zaidi, yaani GB. Kijana anaona "4GB" kwenye boksi anafikiri amepata. Nyinyi mnaochota maji mtanielewa upesi. GB ni ukubwa wa tangi. Tangi laweza kuwa kubwa kama lile la mwenye ploti, lakini bomba likiwa jembamba mtapanga foleni na mitungi mpaka jioni. Kadi ya GT 730 ya 4GB yenye memori ya DDR3 ni tangi la namna hiyo. Hata yenye bomba pana kidogo hupitisha karibu gigabaiti 29 tu kwa sekunde, na nyingine hupitisha nusu ya hizo. GTX 1050 Ti ina 4GB vile vile, na inapitisha 112. Kwenye boksi tarakimu ni moja. Mkicheza, tofauti ni usiku na mchana.

Hata jina moja laweza kuficha kadi mbili. GT 1030 iliyotoka 2017 ina memori ya GDDR5 na inapitisha gigabaiti 48. Mwaka uliofuata ikaja nyingine, jina lile lile, na memori ya DDR4: chini ya 17. Ulizeni kwa kinywa chenu, "Ni GDDR5 au DDR4?" Muuzaji akishindwa kujibu, memori itajibu yenyewe kwa programu nitakayoitaja.

Kwa maoni yangu, mwenye mashine ya ofisi atafute GTX 1050 Ti ya mtumba, iliyotoka 2016, au akijaliwa GTX 1650 ya 2019. Zote mbili zimepimiwa wati 75. Lakini GTX 1650 nyingine zimewekwa tundu la waya wa pini sita, kwa hivyo igeuzeni muitazame kwanza. Tofauti nyingine ni umri. Nvidia iliacha kuitolea 1050 Ti draiva mpya za michezo Oktoba 2025, ikaiahidi za usalama tu mpaka Oktoba 2028. Je, imekufa? Hapana. GTA V na mipira mingi mnayocheza katika vile vibanda vya PS itaenda vizuri. Ila anayetaka michezo mipya ya miaka ijayo aongeze pesa atafute 1650. Asiye na uwezo hata wa 1050 Ti achukue GTX 750 Ti ya 2GB, wati 60, akijua ni ya kuanzia.

Mtaonyeshwa pia RX 580 ya 8GB, na bei itawavutia. Kuna sababu. Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiksi, na wachimbaji duniani kote wakazimwaga sokoni. Nyingi zilikesha miezi mingi bila kuzimwa. Tena kuna nyingine imeandikwa 2048SP, ambayo kwa kweli ni RX 570 iliyopewa jina la kaka yake. Lakini hata iliyo nzima inakula wati 185. Pigeni hesabu: saa tano kila siku kwa nguvu zake zote, siku 30, ni karibu yuniti 28. Ile ya wati 75 ni yuniti 11 na kidogo. Katika bei za stima zilizoanza Aprili 2023, daraja la chini kabisa la wateja wa nyumbani lilikuwa la wasiopita yuniti 30 kwa mwezi. Kadi peke yake ingekaribia kulimaliza, na hamjawasha taa bado.

Siku ya kununua, nendeni wawili, na mmoja abebe flashi yenye programu ya GPU-Z, ambayo ni ya bure. Kuna kadi za kale za 2010, kama GTS 450, zilizobadilishwa jina ndani kwa ndani ili kompyuta izisome kuwa 1050 Ti. GPU-Z tangu 2018 inazitambua nyingi za Nvidia na kuandika wazi kwamba ni bandia. Hata kabla ya kuwasha, jicho laweza kusaidia: 1050 Ti haikuumbwa na uwezo wa VGA, kwa hivyo mkiona lile tundu la buluu la matundu kumi na tano, shukeni moyo. Hii inawagusa pia wenye skrini za zamani za VGA. Itabidi mnunue kigeuzi cha kutoka HDMI, hivyo mkiweke kwenye bajeti tangu sasa.

Ombeni kadi iwekwe kwenye mashine hapo hapo kaunta, mchezo uchezwe dakika ishirini. Picha ikitoa madoa au mistari ya rangi, hata mara moja, acheni. Anayechagua mitumba Toi hununua baada ya kushika nguo na kuigeuza; na hapa fanyeni hivyo. Risiti iandikwe jina kamili la kadi na muda wa kuirudisha, si "computer parts".

Ikishafika nyumbani, adui ni vumbi na moshi wa jiko. Mashine isikae chini sakafuni wala karibu na makaa. Kila mwezi zimeni, chomoeni, mpanguse feni kwa brashi laini ya rangi.

Wale ambao hawajui mashine yao ina wati ngapi, ileteni hapa Jumamosi saa nane mchana. Mje na bisibisi ya nyota. Flashi ya GPU-Z nitakuja nayo mimi.