Deni la Jiji kwa Anayetembea



Kamati iliyoandaa mhadhara huu iliniomba nieleze namna ya kuwashawishi wakazi wa Dar es Salaam wachague usafiri usioharibu mazingira. Nimeikubali kazi hiyo kwa moyo wote, ila naona swali limeanzia pasipo penyewe. Wakazi wengi wa jiji hili wameshachagua, au mifuko yao imewachagulia. Wanatembea kwa miguu, wanapanda daladala, wanapanda mwendokasi, yale mabasi yaendayo haraka. Sisi wenye magari binafsi ni wachache, ingawa ukiitazama barabara ya Bagamoyo saa moja asubuhi utadhani kila mtu ana lake. Ninachokuja kusema ni kwamba hewa ya jiji hili inalindwa na watu wanaotembea na wanaobanana ndani ya mabasi, na jiji halijawalipa. Likiendelea kuchelewa, watachoka. Huyu atanunua pikipiki, yule atakopa gari lililotumika Japani, na wakishaondoka hakuna kampeni itakayowarudisha kituoni.

Naomba tupige hesabu kidogo. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huguna wakisikia hivyo, kwa sababu lita yenyewe haifiki hata kilo moja. Uzito unaozidi ni wa oksijeni, ambayo injini huivuta kutoka hewani na kuiunganisha na kaboni iliyomo kwenye mafuta. Kwa dizeli ni kilo 2.7 hivi. Sasa mchukueni mtu anayeishi Kimara na kufanya kazi upande wa Posta. Njia ya mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni ina urefu wa kilomita 15.8. Tuseme gari lake dogo linakula lita moja kwa kilomita 10, na hapo nimelihurumia gari linaloshinda kwenye foleni ya Magomeni. Kwenda na kurudi ni lita tatu na kidogo, yaani zaidi ya kilo 7 za hewa ukaa kila siku ya kazi, na mara nyingi ndani yumo peke yake.

Upande wa pili liwekeni lile basi refu la mita 18. Tuseme linatumia nusu lita ya dizeli kwa kilomita. Safari moja ni lita 8, sawa na kilo 21 na ushei za hewa ukaa. Gawanyeni kwa abiria 120, kila mmoja anabeba chini ya gramu 200. Kuna anayeweza kunikatiza hapo aseme kwamba asubuhi basi hilo linarudi Kimara karibu tupu. Ni kweli. Basi mtwikeni abiria na mzigo wa ile safari ya kurudi. Bado mwenye gari anamzidi mara kumi. Na yule kijana anayetoka Manzese kwa miguu kwenda kubeba mizigo Kariakoo hayumo kabisa kwenye hesabu hii. Hana anachochafua. Anachopata ni moshi wa wengine, na anauvuta kwa nguvu kwa sababu anatembea haraka.

Mabasi yaendayo haraka yalianza kubeba abiria Mei 2016, yakazinduliwa rasmi na Rais Magufuli Januari 2017, na kwa ajili yake Dar es Salaam ikapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, jiji la kwanza la Afrika kuipata. Ile heshima tuliistahili, na sababu yake ni ya kiufundi kabisa. Daladala inaposimama, konda anapokea noti, anatafuta chenji, bibi anasaidiwa kupanda ngazi, na wakati wote huo injini inaunguruma na magari ya nyuma yanapiga honi. Katika mwendokasi nauli inalipwa kabla hujafika jukwaani, sakafu ya basi iko usawa mmoja na sakafu ya kituo, milango inafunguka yote kwa pamoja, na basi lina njia yake katikati ya barabara. Mwenye kiti cha magurudumu anaingia bila kubebwa. Basi likishashika mwendo haliulizi foleni, na mafuta mengi yanayopotea kwa kuondoka na kusimama yanaokolewa. Wakazi wa Kimara waliokuwa wakitoka nyumbani alfajiri ya giza wakawa wanaweza kunywa chai na watoto wao kwanza.

Kisha abiria wakazidi mabasi. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 4,364,541 katika mkoa huu, na ya 2022 ikawakuta 5,383,728. Ni ongezeko la zaidi ya milioni moja ndani ya miaka kumi, na watu hao wanahitaji kufika kazini. Jioni pale Gerezani na Kivukoni foleni inajikunja mara mbili, basi linafika limejaa, mlango unafunguka, na wenye nguvu ndio wanaoingia. Mama mjamzito anasubiri la tatu, la nne. Mtu akishafanyiwa hivyo mwaka mzima, usimwambie habari za gesi joto. Atakusikiliza kwa adabu, halafu ataenda kuweka rehani kiwanja anunue gari. Ndiyo maana nasema idadi ya mabasi na muda wa kusubiri ni suala la mazingira, zito kuliko bango lolote tunaloweza kulitundika.

Lipo pia jambo la Jangwani, ambalo linaniuma kama mhandisi. Karakana ya mabasi hayo ilijengwa hapo, kwenye bonde la mto Msimbazi. Mto huu unakusanya maji kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita Vingunguti na Kigogo, unamwaga baharini karibu na Salenda. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na waliokuwa wakiishi mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Tulikuwa tumeshaonywa, na bado mabasi yakalazwa palepale. Mvua kubwa zikija Jangwani inajaa, barabara ya Morogoro inafungwa, na usafiri ule ule tunaoutegemea kupunguza mabadiliko ya tabianchi unazamishwa nayo. Sasa upo mradi wa kuliendeleza bonde hilo kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na ndani yake kuna kuinua daraja la Jangwani. Naomba Mungu ukamilike vizuri, na naomba wahandisi vijana mlioko humu mjifunze kuusoma mto kabla ya kuchora ramani.

Turudi kwa anayetembea, maana huyu ndiye aliyenileta kwenye taaluma hii. Nendeni mkasimame kwenye barabara yoyote ya kuingia mtaani kati ya Ubungo na Mabibo, mtazame mita mia mbili tu. Njia ya miguu inaanza vizuri, imesakafiwa. Baada ya hatua chache mfuniko wa mtaro umevunjika, mtu mwema amechomeka tawi ili usiku asiingie mtu. Mbele yake gari limeegeshwa, magurudumu mawili juu ya njia. Mama aliyebeba beseni la vitumbua kichwani anashuka barabarani, anageuza shingo bila kugeuza kichwa, anapiga hatua nne mbio, anapanda tena. Hapo anakutana na bodaboda inayokwepa foleni kwa kupita kwenye njia yake yeye. Mwishoni kuna kibanda cha mfanyabiashara mdogo, naye ana haki ya kula, ila hakuna aliyempa mahali pengine pa kukaa. Jua la saa sita limemsimamia mama yule kichwani, kwa sababu miarobaini iliyokuwa kando ilikatwa barabara ilipopanuliwa, na mipya haikupandwa. Huyu mama ndiye tunayetaka kumfundisha utunzaji wa mazingira!

Waliojenga Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja walilijua jua letu. Nyumba zilisogezwa karibu hata kichochoro kikawa na kivuli karibu kutwa nzima, upepo wa bahari ukapitishwa katikati, na nje ya nyumba zikawekwa baraza ambapo mpita njia aliyechoka anakaribishwa akae. Sisemi tubomoe Sinza tuijenge kama Shangani ya Mji Mkongwe. Nasema kivuli ni miundombinu, kama ilivyo lami, na kiwekwe kwenye mkataba wa ujenzi na kulipiwa. Mkandarasi akabidhi barabara ikiwa na miti iliyoshika mizizi.

Kuhusu baiskeli sitakaa sana. Shinyanga na Kahama zinabeba abiria na magunia ya mkaa, na Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, bodaboda zenyewe zilianza zikiwa baiskeli. Dar es Salaam wapandaji wamejiunga katika chama chao, UWABA, wakidai njia salama. Kando ya barabara ya Morogoro njia hizo zilijengwa, na sehemu nyingi zikageuka maegesho na meza za biashara. Zisafishwe, zilindwe, wapandaji watakuja.

Nimesikia watu wakisema kwamba umeme utamaliza yote. Ninaupenda umeme. Treni ya kisasa ilianza kwenda Morogoro na Dodoma mwaka 2024 ikivutwa na umeme, na bwawa la Mwalimu Nyerere kule Rufiji limejengwa kuzalisha megawati 2,115. Kigali na Nairobi pikipiki za umeme zinabadilishiwa betri kituoni kwa muda mfupi tu, na dereva anaendelea na kazi bila kununua petroli. Bodaboda zetu na bajaji zifuate njia hiyo upesi, kwa sababu zinashinda barabarani siku nzima na moshi wake uko usawa wa pua za watoto. Lakini gari la umeme lenye mtu mmoja linachukua nafasi ileile barabarani. Foleni ya magari ya umeme pale Mwenge itabaki foleni, na basi la watu 120 litakuwa limekwama nyuma yake.

Nataka mkumbuke mambo mawili yaliyofanyika bila kelele. Kufikia mwanzoni mwa 2006 petroli yenye madini ya risasi iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara. Mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikaanza kutumia dizeli yenye salfa kidogo, isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Hakuna mwananchi aliyeshawishiwa kwa semina. Wenye mamlaka waliamua, wauzaji wakatii, na damu ya watoto wetu ikapungua sumu. Hata ile treni ya jiji ya Oktoba 2012, ambayo wananchi waliiita ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, ilipita juu ya reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905. Reli ilikuwa imelala hapo miaka yote, watu wakiipita kwa mabasi yaliyobanana. Kilichokosekana kilikuwa uamuzi.

Kwa hiyo sisi wenye magari, na wengi wetu tuko ukumbi huu, tuna la kujibu. Ofisi nyingi humlipa mkurugenzi mafuta na kumtengea maegesho ya bure yenye kivuli, wakati mhudumu aliyekuja kwa daladala mbili anajilipia nauli kwenye mshahara mdogo. Tumezawadia uchafuzi kwa fedha za taasisi. Naomba waajiri waanze na hilo: posho ya nauli kwa wanaopanda mabasi, ada ya maegesho kwa wanaokuja na magari, na saa za kuingia kazini zipishane ili mabasi yaleyale yazungushe abiria zaidi. Kwa wenzangu wa Mbezi na Kimara, siku mbili kwa wiki liacheni gari nyumbani mpande mwendokasi. Hewa itafaidika, ila kuna faida nyingine ninayoitaka zaidi. Mkubwa akisimama kwenye foleni ya Kivukoni jioni, mabasi yataongezwa.

Na chuo chetu kisijitoe. Eneo tulilotenga kwa magari ya wahadhiri ni kubwa kuliko njia zote za miguu tulizojenga kwa ajili ya wanafunzi, ambao ni wengi kuliko sisi mara nyingi. Muhula ujao, darasa la mipango ya usafiri litatoka na futi kamba na vipima joto kupima njia kutoka lango kuu hadi kituo cha basi: upana, mifuniko iliyovunjika, kivuli saa sita mchana, taa usiku, na muda anaosubiri msichana kuvuka barabara. Matokeo tutayapeleka kwa halmashauri na kwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yakiwa na gharama ya kila tengenezo. Nahitaji watu wa bustani wanaojua mti gani unastahimili vumbi na chumvi, na nahitaji mafundi wa mitaro. Fomu ziko mezani pale mlangoni, andikeni majina yenu mkitoka.